Wiki ya 34 na bado natapika

Jamani nipo wiki ya 34 ya ujauzito na asubuhi hii nimeshatapika mara nne, harufu tu ya vitunguu vinavyokaangwa kwa jirani ilitosha. Wote waliniambia mimba ikifika miezi minne kichefuchefu kinaisha, na kweli kwa wengi kinaisha, ila mimi kimenigandia toka wiki ya sita. Miezi mitatu ya mwanzo nilipungua kilo 7, mkojo kupimwa ukakutwa na ketoni (dalili kwamba mwili umekosa chakula na unachoma mafuta yake), nikalazwa siku tatu na dripu, ndo daktari akanieleza hii inaitwa haiparemesisi, yaani kutapika kupita kiasi kwenye mimba, sio kichefuchefu cha kawaida, hata Kate, mke wa Prince William wa Uingereza, alilazwa nayo 2012.

Kinachoniuma zaidi ni kuambiwa nadeka. Sideki, yaani hata mate kumeza siwezi, natembea na kikopo cha kutemea mpaka kwenye daladala na watu wananiangalia.

Tangawizi kwangu iligoma kabisa. Afadhali naipata kwa barafu za kumung'unya, uji mwepesi uliopoa kijiko kimoja kimoja, vitamini B6 na dawa ya kuzuia kutapika niliyoandikiwa kliniki.

Mama anasema mimba yangu ilimtesa hivihivi, na alivyojifungua tu akaomba ugali na dagaa mulemule wodini akala akamaliza. Hilo ndo nalishikilia. Nimeshamwambia mume wangu siku hiyo aje na chupa ya chai ya rangi na chapati mbili, nataka ninywe ya moto na ikae tumboni.