AC ya ukutani haileti hewa mpya, ndugu zangu wa Arusha

Mimi huku Minnesota, Marekani, ni fundi wa mitambo ya hewa kwenye majengo makubwa, ofisi, mashule, mahospitali, na nilipokuja likizo kuna kitu kimeniuma sana. Arusha mjini tunapandisha maghorofa ya vioo chini mpaka juu, madirisha hayafunguki, halafu kila chumba kinapigwa AC ya ukutani basi imetoka.

Jamani ile AC inavuta hewa ya humohumo chumbani, inaipoza, inairudisha. Lile boksi la nje kazi yake ni kutupa joto tu. Huku kwenye baridi kweli tunafunga madirisha, ila juu ya paa kuna limashine lina feni kubwa linavuta hewa ya nje, linaichuja, linaipasha moto na kuisukuma kwenye dakti, yaani mabomba ya hewa, mpaka kila ofisi, na zile filta nazifunga nyeupe natoa nyeusi tii, ukizishika ndo unajua watu wangevuta nini. Sisi nyumbani tumechukua vioo, mashine tumeiacha.

Nilikuwa na kamita ka kupima hewa ukaa (CO2), ile tunayoitoa tukipumua, nikaingia nako ofisini kwa shemeji yangu pale mjini. Nje kalisoma mia nne na kitu, yaani chembe za hewa ukaa kwenye kila chembe milioni za hewa, kawaida ya dunia nzima sasa hivi. Chumba cha mikutano, mlango umefungwa, AC inavuma, kikao hata hakijaisha kamevuka 2000! Sisi kazini ikivuka 1000 tunaanza kutafuta tatizo liko wapi. Kwa kiwango kile haikuui, ila ujue mnavuta pumzi za wenzenu, na akiwemo mwenye mafua au TB hapo mmekwisha. Shemeji ananiambia kila mchana kichwa kinamgonga, anameza panadol anaendelea na kazi, iliniuma kweli.

Na Arusha ile, mita 1400 hivi juu ya bahari, kaubaridi ka bure! Angalieni nyumba za zamani hata Moshi kwenye joto, zina matundu juu ya dirisha, hewa ya moto inatokea juu nyingine inaingia chini, luku ya umeme haiguswi. Kama uko barabarani kwenye vumbi au jenereta la jirani, fungua madirisha ya upande wa pili, au weka feni yenye filta inayovuta kutoka nje.

Anayejenga, kabla hujapitisha ramani muulize mchoraji hewa ya nje inaingilia wapi. Akikuonyesha AC ya ukutani, mrudishie ramani yake.