Yaya, mikono iko safi?

Swali hilo nilikuwa namuuliza hata mara ishirini kabla hatujala. Yaya yangu, yaani ndugu yangu mkubwa, alijibu kila mara, kwa huruma: iko safi, kula. Nilitulia kidogo, kisha narudi kwenye bidoni ya maji kunawa tena.

Ugonjwa wangu huo wa kunawa bila kukoma ulipata pa kujificha. Ebola ilipofika Goma Julai 2019, karibu kila unapoingia kulikuwa na maji ya klore na mtu wa kukupima joto. Mji mzima unanawa, nani angenishangaa? Lakini wengine walinawa mara moja wakaingia ndani. Mimi vidole vilipasuka hadi chumvi ya sombe (kisamvu) ikawa inanichoma nikikata bugali. Mdogo wangu alibeba maji kutoka ziwani, tukiwa Himbi, na bidoni nzima ya lita 20 nikaimaliza kwa mikono yangu miwili. Hilo bado linaniuma.

Kanisani waliniombea, na maombi sikuyakataa. Ila jina la kitu kile nililipata Tulizo Letu, kituo cha magonjwa ya akili hapa Goma. Kwa Kifaransa wanaita TOC (trouble obsessionnel compulsif): wazo linakuvamia, hofu inapanda, unarudia tendo fulani ili ishuke, na kesho inarudi na nguvu zaidi. Nililia kusikia kwamba wapo wengine.

Muuguzi alisema nije na yaya. Akamweleza kwamba kila "iko safi" ni kama kunawa kwingine. Wakakubaliana jibu moja: "Ile ni swali ya ugonjwa. Sitaijibu." Juma la kwanza nilimchukia. Yeye alilia jikoni, nikamsikia.

Kazi yenyewe niliifanya na daftari la shule. Niliandika hofu zangu kuanzia ndogo, kila moja na alama ya ukali wake hadi 100: kitasa cha mlango wetu, 20. Noti ya franka 500 kutoka soko la Virunga, ile laini kama kitambaa, 70. Kupeana mikono kwenye matanga kisha kula, 100. Nilikaa na noti kiganjani, sinawi, naandika namba kila dakika tano. 70, 75, 75, 60. Ilifika 30 baada ya karibu saa nzima, bila tone la maji. Baadaye nilisoma kwenye simu kwamba mwanasaikolojia Victor Meyer aliandika kuhusu njia ya namna hii mwaka 1966, London. Nikakasirika: miaka yote hiyo, na sisi hakuna aliyetuambia.

Nilipewa pia dawa, fluoksetini. Kwa TOC inaweza kuchukua wiki 8 hadi 12 kabla hujaona nafuu. Mimi wiki ya tatu nilitaka kuitupa. Ongea na aliyekuandikia kwanza, tafadhali.

Mwezi uliopita yaya alipanda boti kwenda Bukavu. Usiku niliandika swali langu kwenye WhatsApp, nikaliangalia, nikalifuta. Asubuhi aliniuliza tu kama nimekula.