Jinsi Nilivyoilinda Mashua Yangu Mto Ulipofurika

Mvua ilikuwa imekatika tangu usiku na anga lilikuwa limetakata, lakini maji ya mto yalizidi kupanda. Nilikuwa nimesahau jambo ambalo kila mwenye chombo kwenye mto mkubwa hulijua, kwamba maji yanayopita gatini leo huweza kuwa ya mvua iliyonyesha mbali huko juu siku kadhaa zilizopita, na kwamba mafuriko huweza kufika kilele jua likiwa linawaka. Mashua yangu yenye urefu wa mita 9 ilikuwa imefungwa kwa kamba mbili fupi, moja ya omo, yaani mbele ya chombo, na moja ya tezi, yaani nyuma yake, nami jioni ya jana yake nilikuwa nimezikaza kwa nguvu ili chombo kisiyumbe. Kukaza huko nusura kuizamishe.

Nilipofika asubuhi, mashua ilikuwa imelalia upande wa nchi kavu, na maji yalikuwa yamebakiza kama shubiri moja tu kuingia ndani. Chombo kilitaka kupanda pamoja na mto, ilhali kamba zilikuwa zikikivuta chini, kwenye vigingi vilivyokwisha kufunikwa. Fundo lililokazika namna ile halifunguki kwa vidole, kwa hiyo ilinibidi nitumie kisu. Hata hivyo sikukata chochote kabla ya kufunga kamba mpya, ndefu, kutoka omo hadi kwenye mti mnene uliosimama upande wa juu wa mto, mbali na ukingo ulioanza kumomonyoka. Kisha nilikata kamba ya tezi kwanza, kwa sababu ningeanza na ya omo, mkondo ungeingia kati ya mashua na ukingo na kukigeuza chombo chote. Mashua ilijiinua mara moja, nami nikapata kupumua.

Kuanzia hapo kazi yangu yote ilikuwa ni urefu wa kamba. Kamba ya mita 2 iliyonyooka sawasawa juu ya maji, mto ukipanda mita 1, huhitaji kuongezewa sentimita 24 hivi ili isikivute chombo chini, lakini kamba ya mita 10 huhitaji sentimita 5 tu. Ndiyo maana nilipeleka kamba ya omo mbali upande wa juu na ya tezi mbali upande wa chini, kisha nikaongeza mbili nyingine zilizopishana, moja ikitoka omo kurudi nyuma na nyingine ikitoka tezi kwenda mbele, ili mashua isisogee huku na huko kila mkondo unapoisukuma. Mafundo yote niliyafunga upande wa chombo na kwa namna inayoweza kulegezwa hata kamba ikiwa imebeba uzito, maana sikutaka kutegemea kisu mara ya pili.

Ukingo wenyewe ulikuwa karibu kuzama, na hilo lilinitia hofu kuliko mkondo. Kabla haujapotea machoni nilichomeka fito kuuonyesha ulipo, kisha nikaweka pondo mbili, ile miti mirefu ya kusukumia chombo, kati ya mashua na ukingo ili chombo kisielee juu ya nchi kavu. Sikuingia majini hata mara moja, kwani maji ya sentimita 15 tu yanayokwenda kasi yanaweza kumwangusha mtu mzima. Nilivaa jaketi la kuokolea muda wote, na mwenzangu alibaki mahali pa juu akinitazama.

Usiku wa pili ulikuwa wa magogo. Kasi ya mkondo ikiongezeka mara mbili, nguvu yake ya kusukuma huongezeka mara nne, na takataka zinazojikusanya omo huupa mkondo mahali pa kushika. Kila saa nililisukuma gogo au shina la mti kwa upondo hadi lipite, nikiwa mwangalifu nisisimame mahali ambapo kamba ingenichapa kama ingekatika. Katikati ya kazi hiyo niliyakumba na kuyamwaga nje maji ya ngamani, yaani yaliyojikusanya chini ndani ya chombo, kwa sababu sakafu ya mita 5 kwa mita 2 yenye maji ya sentimita 10 imebeba tani nzima, na chombo kizito hakiinuki upesi na mto.

Siku ya nne kijiti nilichokitia alama za sentimita kilinionyesha kwamba maji yameanza kushuka. Wengi waliondoka wakiwa na furaha, akiwamo jirani yangu wa gatini, nami simlaumu, maana alikuwa hajalala siku tatu. Mimi nilibaki kwa sababu gogo lilikuwa limeuvunja upondo mmoja, na nilikuwa na wasiwasi juu ya mahali ilipo mashua. Nilipopima kina usiku ule, upande wa nchi kavu palikuwa na sentimita 55 tu, na mashua yangu inapoelea, sehemu yake iliyo chini ya maji ni sentimita 40. Ilikuwa imeelea juu ya ukingo bila mimi kujua. Maji yalikuwa yakishuka sentimita 3 kwa saa, kwa hiyo nilikuwa na saa tano kabla haijapwelewa, ubavu mmoja juu ya udongo na mwingine ukining'inia mtoni. Mimi na mwenzangu tulilegeza kamba za upande wa nchi kavu, tukaisukuma kwa upondo uliosalia hadi kwenye kina, kisha tukawa tunazirefusha kamba kidogo kidogo kila nusu saa hadi kukapambazuka.

Mashua ya jirani tuliikuta imelala juu ya ukingo, ubavu wake wa nje ukiwa majini, na maji yamekwisha kuingia. Iliwachukua watu siku kadhaa kuiondoa.

Mto uliporudi mahali pake niling'oa vigingi vyangu vya zamani kwa mkono mmoja, kwa jinsi udongo ulivyokuwa umelowa. Badala yake nimesimamisha nguzo mbili ndefu zilizokwenda chini sana, kila moja ikiwa na pete ya chuma inayopanda na kushuka pamoja na maji.