Nauli ya kwenda New York

Jana barazani Ngamiani, kahawa na kashata, tukaanza kubishana nani alimlipia Mwalimu Nyerere nauli alipoenda Umoja wa Mataifa 1955, dogo mmoja akasema si ni serikali ndiyo ililipa, weee, mzee wa pembeni yangu nusura amwage kikombe, serikali ipi we mjukuu wangu, ya Mwingereza?! Yule alienda kwa tiketi ya TANU, chama hakijafikisha hata mwaka, watu wakachangishana vijisenti mpaka nauli ikatimia, akaongee mbele ya Baraza la Udhamini. Mi nawaza tu daftari la michango alishika nani, maana sisi juzi kutuma watu watatu tu msibani Mombasa imekuwa kesi, mshika hela mpaka leo simu hapokei 😅