Nilivyohesabu vifaranga wa kambale wanaoshuka mto Malagarasi

Mi naishi upande wa Ilagala, wilaya ya Uvinza, na tangu mdogo nasikia watu wazima wakisema kambale wamepungua, ila ukiuliza wamepungua kiasi gani hamna anayekujibu, kila mtu anaongea kwa macho yake. Hilo lilikuwa linaniuma sana.

Sasa nikawa nasoma kwenye simu jinsi Wamarekani wanavyofuatilia watoto wa salmoni kwenye mto Columbia na vijito vyake. Salmoni anazaliwa mtoni kwenye maji baridi, akikua kidogo anashuka mpaka baharini, na wale jamaa wanatega ngoma kubwa inayozungushwa na maji yenyewe, samaki wanaingia, wanahesabiwa, wengine wanachomekwa tumboni kidude chenye namba, urefu kama milimita 12, kisha wanaachiwa waendelee na safari. Nikasema ngoma hatuna ila migono tunayo, ile mitego ya kusuka ambayo samaki akiingia hatoki, na kambale naye ana safari yake, mvua zikijaa anapanda kwenye mabonde ya nyasi kutaga, maji yakianza kupungua watoto wanarudi mtoni.

Kwanza nilienda kwa afisa uvuvi na watu wa BMU (kikundi cha wanajamii kinachosimamia uvuvi) nikaeleza ninachotaka, usiruke hii hatua, maana ukionekana mtoni na kitu chenye macho madogo kila mtu anajua unavua watoto wa samaki. Waliponielewa, mimi na mdogo wangu tukajenga wando, yaani uzio wa matete, kwenye kijito kinachotoka bondeni, tukaacha uwazi katikati, hapo tukatega mgono uliosukwa kwa kubana, mdomo unatazama maji yanakotoka.

Siku nne za kwanza tulikuwa tunatega asubuhi tunategua jioni, tunapata wawili, watatu. Mzee mmoja mvuvi akapita akatuangalia akasema, "Wanangu, mtoto wa kambale hatembei juani, tegeni usiku, hasa mvua ikinyesha." Shikamoo mzee! Kesho yake alfajiri mgono ulikuwa unatetemeka, wamejaa weusi wadogo urefu wa kidole, ndevu zao zinapapasa matete. Hata watoto wa salmoni wengi wanashuka usiku, nilishasoma hilo ila halikuniingia mpaka mzee aliposema.

Usiku wa tatu tukapoteza wengi. Majani yalijaa mdomoni, maji yakawabana samaki kwenye matete, tukakuta wamelala wamekufa, kiukweli niliumia maana tulikuja kuwahesabu sio kuwaua. Toka hapo tukawa tunapokezana, kila baada ya masaa mawili mmoja anaingia na tochi kutoa takataka.

Ila jambo kubwa nililojifunza ni kwamba idadi ya kwenye mgono peke yake haikuambii chochote mpaka ujue wangapi wamekupita. Nilinunua mafuta ya karafuu, matone machache nikayachanganya na spiriti kwanza maana kwenye maji matupu hayachanganyiki vizuri, nikamimina kwenye beseni, samaki wakatulia kama wamesinzia, nikawakata kipande kidogo sana cha pezi la mkia kwa mkasi mkali iwe alama ya kuwatambua, wakazinduka kwenye ndoo ya maji safi (hawa usije ukawala), tukawabeba hatua kama mia mbili juu ya mgono tukawaachia jioni. Walikuwa 80, asubuhi tukawapata 8. Yani mgono unanasa mmoja kati ya kumi, kwa hiyo usiku nikihesabu 130 wamepita kama 1,300. Baadaye kijito kikafura, maji yakapita juu ya wando, nikarudia na wengine 80, nikapata 3 tu! Ningetumia hesabu ya mwanzo ningeandika samaki wamepungua, kumbe wanapita juu ya matete. Sasa nimechomeka fimbo yenye alama pale kijitoni, kina kikibadilika tu narudia jaribio, na kwenye daftari naandika kina cha maji, mvua, mwezi, waliokufa, kila siku.

Wenzangu wa Kaliua na Urambo, maji yenu ya mto Ugalla yanaingia huku huku Malagarasi. Kama kuna mtu anaweza kutega kijito kimoja tu huko juu msimu ujao, tuanze siku moja, kwa njia moja, nitamwelekeza mwanzo mwisho.