Mshipi Uliovaa Shanga

Desemba ile kaskazi ilikuwa imetulia. Nilikwenda Mkokotoni, kaskazini mwa Unguja, kumsalimia ami yangu, nikamchukulia zawadi ya pakiti ya waya za kuvulia. Nilizinunua Littlehampton, kusini mwa Uingereza, ambako kila majira ya machipuko watu hutoka na boti kumvua brimu mweusi, samaki mwenye umbo la changu. Nilimweleza ami kwamba dume la samaki huyo hufagia changarawe kwa mkia likafanya kiota na kuyalinda mayai, na kwamba kwa sababu hiyo miamba ya Kingmere, iliyo baharini karibu na mji huo, imefanywa hifadhi tangu 2013. Hilo alilisikiliza kwa makini. Waya ndizo zilizomtia mashaka.

Alizimwaga mkekani pale barazani. Zilikuwa za chuma kisichoshika kutu, ngumu, urefu wa shubiri hivi, kila moja ikitoka ubavuni mwa mshipi wa kuvulia kama tawi. Ncha ya nje ina kitanzi cha kufungia uzi wa ndoana. Ncha ya ndani huzunguka mshipi, imebanwa na shanga mbili, moja juu na moja chini. Chubwi, uzito wa kuuzamisha mshipi, huning'inia mwisho kabisa.

"Mshipi unavaa shanga?" akauliza. Mkewe aliyekuwa akikuna nazi ndani akaangua kicheko, maana Unguja shanga zina mahali pake.

Kwa ami, waya una kazi moja tu: kukaa mdomoni mwa samaki mwenye meno. Nguru na mzia hukata nailoni kama wembe, ndiyo maana huifunga ndoana kwenye kipande cha waya.

"Huu wenu umekaa mbali na meno. Unamzuia nani?"

"Unauzuia mshipi wenyewe, ami. Mkondo ukiwa mkali, nyuzi za ndoana hujizonga kwenye mshipi kabla hazijafika chini. Waya unaziweka kando."

"Basi tungoje bamvua, mkondo uwe mkali."

Mwezi ulipoandama tukatoka na ngalawa, ami kwenye usukani na mwanawe mdogo akifua maji. Tulitia nanga magharibi ya kisiwa cha Tumbatu, pima 15 hivi, maji yakitoka kwa nguvu na mshipi ukilala mshazari chini ya ndubi. Chambo kilikuwa ngisi, vipande virefu vyembamba. Ami alishusha mshipi wake wenye ndoana tatu, nyuzi zake fupi kama kidole. Hiyo ndiyo dawa yake ya mzongo, na ni dawa kweli, ila chambo hakipati nafasi ya kucheza. Nyuzi zangu zilikaribia dhiraa.

Changu wawili walikuja pamoja. Kisha mmoja, kisha wawili tena. Ami hakusema kitu, lakini kila nilipovuta alikodoa macho kutafuta fundo au mzongo. Nyuzi zilitoka majini zimenyooka, kila moja kwenye tawi lake.

Halafu mshipi ukashtuka, ukawa mwepesi. Nilivuta nikaona waya zimekaa sawasawa, shanga zote zipo, na chini yake nyuzi zimekatwa safi. Ami alizipitisha kwenye kidole gumba.

"Mzia," akasema. "Waya wako mzima, mwanangu. Ndoana ndizo zimekwenda." Akacheka mpaka mwanawe akaacha kufua maji kumtazama.

Alipokwisha kucheka, akatoa koleo kwenye kopo lake la zana. Aliukamata waya mmoja, akauchomoa kwenye shanga, akaunyoosha polepole, kila kona akiikandamiza mara mbili tatu ili usivunjike. Akakunja kitanzi kila ncha, akausokota mkia wa waya kujizungusha wenyewe, akatia ndoana kubwa na ubavu wa changu, kisha akauachia nyuma ya tezi bila chubwi.

Mzia hakurudi. Alikuja kolekole, mnene, ambaye wala hana meno ya kuhitaji waya, na ami akampandisha chomboni kwa fahari kana kwamba alimkusudia yeye tangu alfajiri.

Njiani kurudi aliniambia nizihifadhi zile waya zilizobaki, akaniagiza nikirejea Uingereza nimletee nyingine.

"Lakini usininunulie zilizokwishapindwa," akasema. "Waambie wakuuzie waya tu."