Tukingoja uloto ushike

Kila simu ikiita kutoka Dodoma, hapa Tabora swali ni lilelile: "Amepona?" Swali linalojibika ni hili: nyutrofili, chembe nyeupe za damu zinazopambana na vijidudu, leo ngapi?

Mtoto wetu ana selimundu, na amepandikizwa uloto (ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu) wa dada yake katika Hospitali ya Benjamin Mkapa, iliyoanza kuwapa watoto huduma hii mwaka 2023. Kila ndugu wa baba na mama mmoja ana nafasi moja tu kati ya nne ya kufanana kabisa na mgonjwa kwa aina ya tishu, kwa hiyo dada huyu ni neema. Tendo lenyewe halitishi, maana seli huingia kwa mrija kama damu ya kuongezewa. Kinachotesa ni dawa kali za kuteketeza uloto wa zamani, halafu wiki mbili hadi nne za kungoja seli mpya zianze kuzaa. Hapo katikati mwili hauna ulinzi. Mdomo na koo huchubuka hata mate yakawa shida kumeza, na homa ikigonga 38 haisubiri kukuche.

Uloto umeshika pale nyutrofili zinapofika 500 kwa kila maikrolita ya damu, siku tatu mfululizo. Tutashangilia, ndiyo. Lakini kinga itakuwa bado changa, na siklosporini, dawa ya kuzuia seli za dada zisimshambulie, itaendelea kila baada ya saa 12. Asubuhi ya kupima kiwango chake katika damu, dozi haimezwi mpaka damu itolewe. Akiimeza kwanza, kipimo kitasoma juu, dozi itapunguzwa bila sababu, na seli za dada zinaweza kuushambulia mwili wa mdogo wake: vipele viganjani na nyayoni, kuharisha, macho ya njano. Siku 100 za mwanzo ndizo za kuangaliwa kwa karibu mno.

Bibi ameshamwekea asali mbichi ya msituni. Inauma kumkatalia, kwani kwetu asali ndiyo mapenzi yenyewe, ila ina mbegu za vijidudu ambazo mwili wenye kinga huzishinda na wake bado hauwezi. Maembe yataoshwa ndipo yamenywe. Mtindi wa maziwa yasiyochemshwa, hapana. Kuku wasilale ndani tena, na magunia ya mahindi yatoke chumbani kwake, kwa sababu vumbi la ukungu likivutwa huweza kuota mapafuni. Chandarua kipya kitundikwe. Kinga ya chanjo zake za utotoni haitegemewi tena. Ataanza upya baada ya miezi kadhaa, na ya surua hungoja kama miaka miwili. Basi kadi za kliniki za binamu zake zikaguliwe sasa, na mwenye mafua asije kumpokea.

Shangazi ameuliza kama chumba walichopanga Dodoma kirudishwe mara tu atakaporuhusiwa kutoka wodini. Hapana, shangazi, kilipiwe mpaka siku 100 zipite. Kutoka Tabora hadi hospitali ile ni saa nyingi mno kwa mtoto mwenye homa.